Setilaiti na Vumbi la Likasi

Msafiri atokaye Lubumbashi kuelekea Kolwezi, akisha kukata takriban kilomita 120, huufikia mji wa Likasi, nchini Kongo, uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi mwaka 1966, na huko Shituru huona viwanda ambavyo tangu enzi za Wabelgiji vimekuwa vikiyaloweka madini katika asidi ya kiberiti ili kuitoa shaba, ilhali malori yaliyosheheni shaba na kobalti hupita barabarani yakitimua vumbi.

Juu ya mji huo, kiasi cha kilomita 824 angani, hupita kila siku, yapata saa saba na nusu mchana, setilaiti iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya tarehe 13 Oktoba 2017. Ala yake, TROPOMI, haivuti hewa abadan; kazi yake ni kuitazama nuru ya jua iliyokwisha kupenya angahewa, ikagonga ardhi, ikarejea juu. Kila gesi humeza sehemu zake makhsusi za nuru hiyo, nyingi zikiwa hazionekani kwa macho ya binadamu, na kwa kupima zipi zimepungua na kwa kadiri gani, wataalamu hukadiria wingi wa dioksidi ya naitrojeni, itokanayo na injini na mioto, na dioksidi ya salfa, ule moshi wa kiberiti ukabao koo. Setilaiti za Marekani, Terra na Aqua, hupima nazo jinsi vumbi na moshi vinavyoififiza nuru.

Elimu hii ni neema kubwa katika nchi ambazo vipimo vya ardhini ni ghali na adimu. Lakini tusiitwike mzigo usio wake. Kipande kimoja cha picha ya TROPOMI kina kilomita 5.5 kwa 3.5, hata bomba la kiwanda na nyumba za watu wa mbali nalo huchanganywa katika tarakimu moja. Isitoshe, ala huhesabu gesi yote tangu ardhini hadi juu kabisa, ilhali pafu la mtoto huvuta ile iliyo usawa wa pua yake. Alfajiri za Juni na Julai, baridi inapoukandamiza moshi wa mbabula za makaa baina ya nyumba, setilaiti haijafika. Inapofika mchana, upepo umekwisha kuutawanya. Kiangazi hichohicho moshi wa moto wa misitu ya miombo hutanda Katanga nzima ukachanganyika na ule wa viwanda, na masika mawingu huziba macho ya ala.

Lililo zito zaidi ni kwamba setilaiti haitambui vumbi limebeba nini. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga, wakaona kwamba wakaao ndani ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti nyingi mno mwilini, na watoto zaidi kuliko wakubwa. Vumbi hilo hutua juu ya majani ya sombe uani na juu ya sakafu anapotambaa mtoto, na hakuna ala ya angani iwezayo kulichambua.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka wa chembe za vumbi na moshi zisizozidi kipenyo cha maikromita 2.5 usipite maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Basi serikali ya jimbo la Haut-Katanga na wenye viwanda wawajibike kuweka vipimo katika shule za Shituru, Panda na Kikula mjini Likasi, vipimo vitakavyozichambua hata metali, na setilaiti itumike kuueneza ujuzi huo katika jimbo zima. Nanyi akina mama na akina baba, maadamu vipimo havijafika, nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia, osheni sombe vizuri, waosheni watoto mikono kabla ya kula bukari, wala msilale na mbabula inayowaka chumbani.