Uvira–Bukavu: Mshale wa joto unapodanganya dereva wa kamyo ya zamani

Ukitoka Kamanyola, barabara ya taifa namba 5 inaacha tambarare ya Ruzizi na kuanza kupanda milima ya Ngomo, kuelekea Nyangezi na Bukavu. Hapo ndipo mota ya kamyo ya zamani, yenye mzigo wa saruji ao wa mihogo, inaonyesha nguvu zilizobaki. Dereva yuko kwenye gia ya kwanza ao ya pili, mwendo ni mdogo, upepo unaoingia kwenye radiateri ni mdogo vilevile. Kinachomjulisha hali ya ndani ni mshale wa joto kwenye tablo. Mshale huo ukidanganya, atajua ukweli pale moshi mweupe unapotoka, na joenti ya kulasi imekwisha kuungua.

Kamyo inafika garaji ikivutwa, dereva anaapa kwamba mshale ulikuwa chini safari yote, na mwenye gari haamini. Lakini dereva anaweza kuwa anasema kweli.

Kwa nini? Umeme wa mshale unatoka kwenye betri, unapita kontakti na fuzibo, unaingia kwenye saa ya joto iliyo katika tablo, kisha unashuka kwa waya mmoja mrefu mpaka kwenye sonda iliyofungwa kwenye mota, ndani ya maji. Kutoka sonda unarudi betri kwa kupitia chuma cha mota, njia ambayo mafundi wanaita masi. Maji yakiwa baridi, sonda inazuia umeme sana. Yakipata joto, inaachia umeme mwingi zaidi, na mshale unapanda.

Basi, waya ukikatika, hakuna umeme unaopita, na kwa saa ya joto hiyo ni sawa na maji baridi. Mshale unalala chini hata mota ikichemka. Kinyume chake, waya ukichubuka na kugusa chuma, mshale unaruka juu hata asubuhi kabla mota haijapata joto. Kosa hili la pili linaudhi, lakini halifichiki, na dereva atasimama. La kwanza ndilo linaloua mota. Na waya wa kamyo yenye miaka 30 una sababu nyingi za kukatika: unapita karibu na bomba la moshi, unasuguliwa kila kabini inapoinuliwa, na umekwisha kuungwa mara nyingi kwa mkono na skochi.

Kupima hakuombi mashine ya bei kali. Tia kontakti bila kuwasha mota, chomoa waya kwenye sonda: mshale unapaswa kushuka mpaka baridi. Kisha gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi cha mota, kwa nukta moja ao mbili tu, na ni vizuri kupitisha ampuli ndogo katikati ili saa isiungue. Mshale ukipanda, waya na saa ni vizima, basi sonda ndiyo ya kutiliwa shaka. Usipotikisika, shida iko kwenye waya, fuzibo ao saa yenyewe. Njia hii ni ya joto. Kwa saa ya mazutu usiifuate kwa kufunga macho: kuna aina za gari ambazo waya ukigusa chuma mshale unaonyesha tanki limejaa, na nyingine zinaonyesha limekwisha.

Kuna mtego mwingine ambao hata waya mzima hauwezi kuukwepa. Sonda inapima maji. Bomba likipasuka na maji yote yakamwagika, inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati mota inaungua. Mshale unaoanguka ghafula katikati ya mpando si habari njema.

Taa nyekundu ya mafuta ya mota nayo ina tabia yake. Katika kamyo nyingi za zamani, swichi yake inagusa masi wakati hakuna msukumo wa mafuta, na inaachana nayo msukumo unapopanda. Ndiyo maana taa inapaswa kuwaka unapotia kontakti, kisha izimike mota ikianza kuzunguka. Ikiwa haiwaki kabisa mbele ya kuwasha mota, usifurahi: ampuli imeungua ao waya umekatika, na siku mafuta yatakapokwisha hakuna kitakachokuonya. Ikiwaka njiani, zima mota kwanza, angalia kiasi cha mafuta, ndipo ulaumu waya. Wako wanaobandika skochi nyeusi juu ya taa hiyo ili isiwasumbue usiku. Skochi haijawahi kurudisha mafuta kwenye mota.

Taa ya betri inashangaza zaidi. Kwenye alternateri nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita katika ampuli hiyo ndio unaoamsha alternateri ianze kutoa umeme. Ampuli ikiungua, betri inaweza kukosa kuchajiwa. Mtu akiweka taa ndogo ya kisasa inayokula umeme kidogo, shida inaweza kuwa ileile. Na kwa kuwa kamyo nyingi kubwa zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana, ampuli ya volti 12 iliyonunuliwa haraka sokoni itaungua mara moja.

Mishale yote ikicheza pamoja, hasa unapowasha taa za mbele, usianze kununua sonda. Mara nyingi ni masi ya tablo iliyoshika kutu, na umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi. Waya mmoja mnene kutoka tablo mpaka kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi unaweza kutosha. Kama hautoshi, fundi apime kile kipunguza umeme kidogo kilicho nyuma ya tablo, ambacho katika magari mengi ya zamani kinalisha saa ya joto na ya mazutu kwa pamoja. Kabla ya kuingiza mkono huko nyuma, tenganisha betri: waya nyingi za kontakti hupita hapo, na si zote zinazolindwa na fuzibo.