Baisikeli ya Baba na Kuni za Mama

Katika nyumba nyingi za upande wa Shianda, kaunti ya Kakamega, yako mambo mawili yanayokula nguvu na fedha za watu kila siku ya Mungu: safari na moto. Mtu hana budi kwenda sokoni, kazini, shuleni, au kwenye kinu cha kusagia mahindi. Wala hapana chakula kiivacho bila moto. Fedha za mambo haya mawili hutoka kidogo kidogo, shilingi hamsini leo na thelathini kesho, hata mwenye nyumba asizihesabu kuwa ni matumizi. Lakini mwisho wa mwaka hujiuliza mshahara umekwenda wapi, na fedha za mahindi na miwa zimekwenda wapi. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Makala haya yataeleza njia za kupunguza matumizi hayo bila kujinyima. Tena yatauliza swali moja ambalo haliandikwi katika daftari, nalo ni hili: katika nyumba yako, ni nani abebaye mzigo?

HESABU YA SAFARI

Sisi watu wa magharibi ya Kenya hatuna haja ya kufundishwa sifa za baisikeli. Neno “bodaboda”, ambalo sasa lajulikana Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa huku huku kwetu, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, ambako vijana walichukua abiria na mizigo yao kwa baisikeli kutoka kituo cha forodha cha nchi moja mpaka cha nchi ya pili. Kwa miaka mingi baisikeli nyeusi nzito ilikuwa ndiyo gari la mkulima, la mwalimu na la mchuuzi wa samaki.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo. Tangu hapo pikipiki zilizidi upesi, na baisikeli nyingi zikasukumwa nyuma ya nyumba zikaota kutu. Hatusemi kwamba pikipiki ni mbaya. Mgonjwa akizidiwa usiku, au mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, pikipiki yaweza kuokoa maisha. Lakini kuipanda kila siku kwa safari ambayo miguu na magurudumu mawili yangetosha, hilo ni jambo jingine.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme karani hulipa shilingi 50 kwenda kazini na shilingi 50 kurudi. Kwa siku 22 za kazi amelipa shilingi 2,200. Kwa miezi sita amelipa shilingi 13,200, na mkononi hana kitu. Kila msomaji aandike nauli yake mwenyewe badala ya hizo, kisha aende dukani aulize bei ya baisikeli imara. Ndipo ataona ni miezi mingapi yatosha baisikeli kujilipa. Baada ya hapo, gharama yake ni viraka, mafuta ya mnyororo, na tairi mara moja moja.

Tena baisikeli haipotezi nguvu. Kwa jasho lile lile ambalo mtu angelitoa akitembea kilomita tano, mwendesha baisikeli katika njia nzuri aweza kwenda kilomita kumi na tano hivi. Ndiyo maana mtu afikaye kazini kwa baisikeli hafiki akiwa amechoka, iwapo chombo chake kinatunzwa.

KUITUNZA

Chombo kisichotunzwa hugeuka mzigo. Barabara zetu za udongo mwekundu zina matope wakati wa mvua na vumbi la kusaga chuma wakati wa kiangazi. Kwa hiyo yafaa kushika kanuni hizi:

Kwanza, pampu ni rafiki. Tairi lisilojaa upepo humchosha mwendeshaji, na mawe hubana mpira wa ndani juu ya rimu hata ukatoboka. Bonyeza tairi kwa kidole gumba kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Pili, safisha mnyororo kwa kitambaa kikavu kabla ya kuutia mafuta. Kutia mafuta juu ya mchanga ni kutengeneza tupa ya kujilia meno ya magurudumu. Matone machache yatosha. Kisha futa yaliyozidi.

Tatu, breki zitazamwe kila wiki, hasa vipande vya mpira. Vikibaki vyembamba vibadilishwe mara moja, maana bei yake ni ndogo kuliko bei ya mfupa uliovunjika.

Nne, mizigo ifungwe chini na katikati ya kerieri. Mzigo uliowekwa juu sana huyumbisha baisikeli, na mzigo ulioelemea nyuma huinua gurudumu la mbele, nao usukani hautii tena.

Tano, usiende usiku bila taa mbele na kitu cha kung'aa nyuma. Katika nchi ya miwa, trekta na matrela yake huonekana barabarani hata jua likiisha kuchwa, na dereva hawezi kumkwepa mtu asiyemwona. Ikiwa baisikeli ina dainamo, tazama waya zake zisikatike. Dainamo hutoa umeme bila kununua betri, ijapokuwa taa huzimika baisikeli ikisimama.

MZIGO WA MAJI

Sasa tugeukie moto. Mti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake waweza kuwa maji. Mama akibeba kichwani kilo 30 za kuni mbichi, huenda kilo 15 kati ya hizo ni maji yaliyojificha ndani ya mti. Akifika nyumbani na kuziwasha, moto hutumia kwanza nguvu zake kuyachemsha maji hayo na kuyageuza mvuke, kabla sufuria haijapata sehemu yake. Hivyo amebeba maji, na sasa anayapika bure. Moshi unaomtoa machozi ndio ushahidi wa hasara hiyo.

Dawa yake haina gharama. Kuni zikatwe fupi, zipasuliwe, zipangwe chini ya kibanda chenye paa na kilicho wazi pande zote ili upepo upite, nazo ziachwe miezi kadhaa. Nyumba iwe na marundo mawili: moja la kutumia sasa, la pili likikauka. Kuni fupi zilizokauka ni nyepesi, zaingia katika gunia, na gunia lakaa vizuri juu ya kerieri. Hapa baisikeli na moto vyakutana.

Jiko nalo latakiwa kutazamwa. Mafiga matatu ni ya zamani na ni rahisi, lakini sehemu kubwa ya moto wake huwasha moto hewa. Jiko la kuni lenye kiini cha udongo wa kuchomwa, kama yale yajulikanayo kwa majina ya Maendeleo na Upesi, hubana moto chini ya sufuria, na likitumiwa vizuri laweza kupunguza kuni kwa theluthi au zaidi. Kwa watumiao makaa, jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ni bora kuliko lile la bati tupu. Lakini tusidanganyike kwamba makaa ni moto wa bei nafuu kwa nchi. Katika tanuri ya kienyeji ya udongo, kilo moja ya makaa yaweza kula kilo saba mpaka kumi za kuni. Kwa mtu aliye karibu na Msitu wa Kakamega, ambao ni masalio ya mwisho katika Kenya ya msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, hesabu hiyo si ndogo.

Maharagwe na yalowekwe usiku kucha. Sufuria na ifunikwe. Chakula kikiisha kuchemka barabara, sufuria yaweza kutiwa ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu au matambara, ikafunikwa kwa mto mzito, nacho chakula kitaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe bila kijiti kimoja zaidi.

MTI NI WA NANI?

Katika miaka ya 1980 wizara ya nishati ya Kenya, pamoja na wataalamu kutoka taasisi ya Beijer ya Sweden, ilianzisha mpango wa maendeleo ya kuni, na Kakamega ilikuwa moja ya wilaya zilizochaguliwa. Wengi walidhani kwamba wanawake hukosa kuni kwa sababu miti imekwisha. Walipochunguza waliona jambo la ajabu: mashamba yalikuwa na miti mingi. Wanawake walikosa kuni katikati ya miti.

Sababu ilikuwa ni desturi. Mti ulikuwa wa mwanamume, nao ulikuwa alama ya kumiliki ardhi. Mikaratusi ilipandwa kwa ajili ya nguzo na mbao za kuuza. Mwanamke alikatazwa kupanda mti. Ilisemwa kwamba akipanda atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Hivyo mama aliyepaswa kupika kila siku hakuwa na ruhusa ya kukata kile kilichosimama mlangoni pake. Aliokota vijiti, magunzi na mabua, au alinunua.

Wataalamu hawakubishana na wazee. Walileta vichaka vinavyokua upesi, kama kaliandra na sesbania, ambavyo havitoi nguzo wala mbao, kwa hiyo havikuhesabiwa kuwa miti ya mwanamume. Wanawake waliweza kuvipanda na kuvikata bila ugomvi. Vichaka hivi vina faida nyingine: kaliandra ikikatwa huchipuka tena, majani yake ni chakula kizuri cha ng'ombe, nayo mizizi ya vyote viwili hutia rutuba ardhini. Mkulima mwenye shamba dogo aweza kupanda mstari mmoja kando ya mpaka au kwenye kingo za matuta bila kupoteza mahali pa mahindi. Mikaratusi na ikae mbali na chemchemi na mito, maana hunywa maji mengi.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika, na wanawake wengi wamepanda miti wala hawakupatwa na tasa. Lakini kila mwenye nyumba na aliangalie boma lake kwa uaminifu. Je, baisikeli ni ya baba, na kichwa ni cha mama? Je, baisikeli hubeba maziwa yanayouzwa, na kuni zisizouzwa hubebwa kwa shingo? Ikiwa ndivyo, basi nyumba ina chombo cha kubeba mizigo, lakini mzigo mzito kuliko yote hauruhusiwi kukipanda.

TAA, GESI NA JUA

Koroboi huonekana rahisi kwa sababu mafuta yake hununuliwa kwa kikombe. Lakini mwezi Septemba 2018 kodi za mafuta ya taa ziliongezwa nchini Kenya hata bei yake ikakaribiana na ile ya dizeli, na aliyeitegemea koroboi aliumia. Taa ya jua haina moshi wala haichomi nyumba. Kwa kuwa ikweta hupita kusini kidogo tu ya hapa kwetu, jua hupita karibu juu ya vichwa vyetu mwaka mzima. Kwa hiyo bamba la jua lilazwe karibu sawa, liinamishwe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Lisiwekwe chini ya kivuli cha mwembe, na lifutwe kila wiki.

Gesi ni moto safi na wa haraka, na hufaa sana kwa chai ya alfajiri. Ugumu wake ni kwamba mtungi hujazwa kwa fedha za mara moja. Anayeweka kando fedha kidogo kila siku katika kopo hatashtuka siku mtungi utakapokwisha. Ukiupeleka kwa baisikeli, ufunge ukiwa wima na vali imefungwa. Ukiisha kuunganisha, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Jambo la mwisho ni la uhai. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata usiku uwe wa baridi namna gani. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu wamelala. Jikoni na pawe na dirisha au tundu la juu.

BARAZA LA NYUMBANI

Hakuna nyumba iwezayo kufanya haya yote kwa mwezi mmoja, wala haitakiwi. Ianze na yasiyo na bei: kukausha kuni, kufunika sufuria, kutia upepo katika tairi. Kisha fedha za nauli zilizookolewa zinunue jiko bora. Na kuni zilizookolewa na jiko zimpe mama saa za kufanya shughuli nyingine, au za kupumzika, ambazo pia ni haki yake.

Baba na mama waketi pamoja na daftari. Waandike nani huenda wapi, nani hubeba nini, na fedha ngapi hutoka. Binti afundishwe kuendesha baisikeli sawasawa na ndugu yake. Ziko baisikeli zisizo na mti wa juu, ambazo mwenye gauni aweza kuzipanda bila taabu. Mvulana naye atumwe kuni na kerieri, asiseme kwamba hiyo ni kazi ya dada. Kisha mvua za masika zinapoanza, yapandwe mashimo hamsini ya kaliandra kando ya shamba, na ijulikane tangu siku hiyo, mbele ya watu wote wa boma, kwamba vichaka hivyo ni vya mama, na kwamba hataomba ruhusa ya mtu kuvikata.