Kihenge cha Msitu Kiko Chini ya Miguu Yenu

Hadithi, hadithi! Nawasikia mnavyoitikia, wajukuu zangu wa Kalemela. Ila leo uongo tuuache nje. Utamu peke yake unatosha.

Mkaa mnaujua. Weusi ule ni kaboni, na mti haukuitoa ardhini, uliivuta hewani. Majani hufyonza hewa ukaa, kisha kwa nguvu ya jua huigeuza sukari. Sukari hiyo ndiyo hujenga shina, matawi na mizizi.

Sasa nendeni chini ya mgunga mkubwa, mfukue kidogo kwa kijiti. Juu mtakuta majani makavu. Chini yake yapo yaliyolainika, yenye nyuzi nyeupe nyembamba: hizo ni kuvu. Mchwa hukatakata, kuvu na bakteria huozesha. Sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani viumbe hao wanapopumua. Inayobaki hunata kwenye chembe za udongo, hasa wa mfinyanzi, ikakaa miaka na miaka. Mizizi nayo huchangia sana, maana huishi na kufia humo humo. Udongo huo ndio kihenge cha msitu. Duniani kote, udongo umehifadhi kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ikijumlishwa.

Lakini rangi isiwadanganye. Udongo wa mbuga ni mweusi tii, na bado mara nyingi kaboni yake si nyingi kama weusi wake unavyodai.

Usukumani kihenge hiki kiliwahi kukombwa. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kuwafukuza mbung'o. Yakafuata mashamba ya pamba, kuni na makundi ya ng'ombe. Majani mapya hayakudondoka tena, jembe likaugeuza udongo, bakteria wakaila akiba upesi, na mvua ikazoa tabaka la juu.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Bariadi wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu, iliko Bariadi leo, ulizaliwa 2012. Wataalamu wakawageukia wazee, na wazee wakawaonyesha ngitili: eneo linalofungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie mpaka kiangazi kikaze. Mahali pengi hapakuhitaji hata mche, kwani visiki na mizizi iliyokuwa hai ilichipua yenyewe. Ngitili zilizokadiriwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Majani yakaanza kudondoka tena, na kihenge kikaanza kujaa, pole pole. Kufyeka ni kazi ya siku chache. Kuirudisha kaboni ardhini huchukua miongo.

Mkitaka ushahidi, okoteni bonge la udongo ndani ya ngitili, na jingine la aina hiyo hiyo kwenye shamba linalolimwa kila mwaka. Yaacheni yakauke, kisha yatumbukizeni taratibu katika glasi mbili za maji. La shambani aghalabu litamomonyoka upesi na maji yatachafuka. La ngitili litajikaza zaidi, kwa sababu mboji na nyuzi za kuvu zimeshikanisha chembe zake. Udongo wa namna hiyo hunywa mvua badala ya kuiachia itiririke mpaka Ziwa Victoria, na maji hayo ndiyo huubakiza mgunga na majani mabichi wakati nyasi zimekauka.