Goti Likigoma

Mchezaji aliyechanika kano za goti na kuambiwa na daktari kwamba mpira basi, kwa kawaida hupewa shauri moja: tulia kwanza, uchungu ukiisha utapata kingine cha kupenda. Shauri hilo linapindua mambo. Penzi jipya mara chache hutangulia. Kinachotangulia ni kazi ndogo ambayo mwili uliobaki unaimudu, na penzi huja nyuma yake.

Julio Iglesias alikuwa golikipa kijana wa Real Madrid, mpaka ajali ya gari ya mwaka 1963 ilipomlaza kitandani. Gitaa alilopewa hospitalini halikuwa la kumtafutia usanii bali la kumzoesha vidole. Vidole vikazoea nyuzi, nyimbo zikafuata, na mwaka 1968 akashinda tamasha la nyimbo la Benidorm, Hispania. Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku, kisha Tokyo mwaka 1964, alipooza miguu baada ya ajali ya gari mwaka 1969. Alitibiwa Stoke Mandeville, Uingereza, hospitali ambako Dkt. Ludwig Guttmann aliifanya michezo kuwa sehemu ya tiba ya walioumia uti wa mgongo. Upinde ulipendwa huko kwa sababu kuuvuta hukaza mabega na mikono, ambavyo mtu wa kiti mwendo hutegemea kila anapojiinua kitandani. Mwaka 1970 Bikila alikuwa akishindana kwa mishale.

Msomaji atasema hao ni mastaa. Kijana wa ndondo, soka la mtaani, pale Temeke, Dar es Salaam, ana nini? Ni kweli matibabu hayalingani, na hakuna burudani inayounga kano. Lakini Iglesias alipopewa gitaa hakuwa staa wa muziki, na kazi yenyewe ilikuwa kuchezesha vidole tu. Wengine watadai kwamba kumpa majeruhi shughuli mapema ni kumziba mdomo asilie. Brian Clough anawajibu. Mshambuliaji huyo wa Sunderland, Uingereza, aliumia goti Desemba 1962, akahangaika kurudi uwanjani, na mwaka 1964 akaambulia mechi tatu tu za ligi. Hata hivyo, uchungu ukiwa bado haujapoa, alianza kufundisha vijana wa klabu hiyo. Uchungu na kazi mpya vilikaa pamoja. Hakuna kilichosubiri mwenzake kiondoke. Baadaye akiwa kocha aliipa Nottingham Forest Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980.

Kwa hiyo anayekwenda kumjulia hali majeruhi asimuulize sasa atapenda nini, maana swali hilo halina jibu bado. Ampe jambo la kufanya Jumamosi hii akiwa ameketi: kuwafundisha makipa wadogo kudaka, kupanga kikosi, kutangaza mechi, au kushika ala asiyoijua. Likimkataa, wiki ijayo ajaribu lingine.