Je, Wajua? Mpelelezi wa Ghorofa ya 12 Aliyewagawa Wasomaji

Je, wajua kwamba mpelelezi wa hadithi anayejulikana sana mjini Saint Paul, Minnesota, aliishi miaka mingi bila sura? Alikuwa sauti tu. Jina lake Guy Noir, na ofisi yake iko ghorofa ya 12 ya jengo la Acme, jengo la kubuni kama alivyo yeye mwenyewe. Alizaliwa redioni katika miaka ya 1990, ndani ya kipindi cha A Prairie Home Companion, na aliyemtunga ndiye aliyemsemea: Garrison Keillor, mwandishi mzaliwa wa Minnesota. Kipindi hicho kilianza Julai 1974 katika chuo cha Macalester, hapo hapo Saint Paul, kikakua hadi mamilioni ya Wamarekani wakawa wanakisikiliza Jumamosi jioni. Waliokulia na Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania, au na Je, Huu ni Ungwana? ya Kenya, hawahitaji kuelezwa jinsi mtu anavyoweza kumjua mhusika kwa kikohozi chake tu.

Noir ni neno la Kifaransa, maana yake “-eusi”. Ndilo jina lililopewa filamu za Marekani za miaka ya 1940 zenye usiku, mvua, moshi wa sigara, mpelelezi aliyechoka na mwanamke mwenye siri. Keillor alizichukua kanuni zote hizo akazihamishia kwenye jimbo ambalo watu wake wanasifika kwa upole na kusema kidogo, ambako baridi ya Februari hugandisha maziwa hadi magari yanapita juu yake. Kicheko kilianzia hapo: mpelelezi wa maneno makali anatafuta uovu katika mji wa watu wanaoombana radhi.

Mwaka 2012 Keillor alimtoa Guy Noir redioni akamtia kitabuni. Riwaya inaitwa Guy Noir and the Straight Skinny. Ilipofika mikononi mwa watu, wasomaji waligawanyika, na mpaka leo ukiwakutanisha wawili waliokisoma utasikia kama wamesoma vitabu viwili.

Kisa chenyewe kinaanza hivi. Siku ya baridi kali ya Februari, jambazi mzee aitwaye Joey Roast Beef amemwelekezea Guy bastola. Anataka kujua ni biashara gani inayokaribia kumtajirisha mpelelezi ambaye siku zote hana kitu mfukoni. Nyuma ya biashara yupo Naomi Fallopian, aliyewahi kuvua nguo jukwaani katika klabu za usiku na sasa ni profesa wa masomo ya wanawake. Bidhaa ni kidonge cha kupunguza unene. Siri ya kidonge ni tegu, yule mnyoo bapa mrefu anayekaa utumboni: unameza, unakula upendavyo, unakonda. Habari zinavuja, na kila mwenye pua mjini anaunusa mgao wake.

Wapo waliokipenda kitabu hiki bila masharti. Hao walikuwa wameisikiliza redio miaka nenda miaka rudi, na walipofungua ukurasa wa kwanza sauti ya Keillor, nzito na ya taratibu, ikaanza kusoma yenyewe vichwani mwao. Wapo waliosema kwamba mzaha wa dakika chache umevutwa hadi ukawa riwaya, kama uji ulioongezwa maji: bado ni uji, ila haushibishi. Wengine, wanawake kwa wanaume, walichoshwa na jinsi kila mwanamke mrembo anavyomwangukia mzee huyu. Mashabiki wakawajibu kwamba kitabu kinaziigiza na kuzicheka riwaya za zamani zilizojaa jambo hilo hilo. Jibu hilo lina ukweli, lakini mimi haliniridhishi lote. Ukirudia kosa mara ishirini ili kulicheka, msomaji anabaki na makosa ishirini ya kusoma.

Kuna kundi la nne ambalo sijaona likitajwa, nalo ni sisi. Msomaji wa Afrika Mashariki anakifikia kidonge cha tegu na kicheko kinamkwama kooni. Mtu akimeza mayai ya tegu wa nguruwe, lava wake wanaweza kusafiri katika damu hadi kwenye ubongo, na ugonjwa huo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kifafa katika maeneo yetu ya ufugaji wa nguruwe. Aliyemshika mtoto wa jirani aliyeanguka kifafa hausomi mzaha huo kama mtu wa Minnesota. Keillor hana kosa hapo. Nalitaja kwa sababu watu husema kichekesho ni kichekesho popote, na mimi siamini hivyo.

Je, wajua kwamba jina la kitabu hicho halitafsiriki? Neno skinny lina maana mbili: mtu aliyekonda, na katika lugha ya mitaani ya Marekani, habari za ndani, zile za kweli zisizotangazwa. Mpelelezi anatafuta ya pili, wateja wa kidonge wanatafuta ya kwanza. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuliacha kabisa na kutunga lake. Kilichopotea hapo ni neno moja tu, lakini nusu ya utani wa kitabu umelala ndani yake.

Sasa msikilize mtu aliyekosekana. Katika redio, Guy Noir hakuwa peke yake jukwaani. Kipindi kilikuwa kikirushwa moja kwa moja kutoka ukumbi wa Fitzgerald katikati ya Saint Paul, ukumbi wa mwaka 1910 uliopewa mwaka 1994 jina la F. Scott Fitzgerald, mwandishi aliyezaliwa mjini humo mwaka 1896. Watu wapatao 1,000 walikaa kwenye viti. Karibu na Keillor alisimama Tom Keith, fundi wa milio. Hatua za viatu ngazini, mlango unaolia, gari linalokataa kuwaka, mbwa, upepo: vingine alivifanya kwa vifaa vya mezani, vingi kwa mdomo wake mwenyewe. Hadhira ilicheka mara mbili, mara ya kwanza kwa neno, mara ya pili kwa mlio uliolijibu. Keith alifariki Oktoba 2011. Mwaka uliofuata riwaya ikatoka, na ndani yake milango inafunguliwa kimya. Waliosema kitabu kimepwaya, nadhani wengi wao walikuwa wanamtafuta Tom Keith bila kujua.

Sura, ile aliyoikosa redioni, ilikuwa imepatikana mwaka 2006, katika filamu ya mwisho ya mwongozaji Robert Altman, iliyopigwa ndani ya ukumbi ule ule. Kevin Kline alimwigiza Guy Noir, safari hii akiwa mlinzi wa ukumbi.

Msomaji anaweza kudhani majambazi wa Saint Paul ni wa kubuni tu. La hasha. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkuu wa polisi wa mji huo, John O'Connor, alikuwa na makubaliano na wahalifu: ukifika mjini, jiarifu, toa chako, na usifanye uhalifu ndani ya mipaka ya mji. Ukitii, hakuna atakayekugusa. Mpango ulidumu hata baada ya yeye kuondoka, na katika miaka ya 1930 ukageuka balaa. Juni 1933 genge la Barker na Karpis lilimteka William Hamm, tajiri wa kiwanda cha bia, likalipwa dola 100,000. Januari 1934 likamteka Edward Bremer, mtu wa benki, kwa dola 200,000. Tarehe 31 Machi mwaka huo huo John Dillinger, jambazi aliyekuwa akisakwa Marekani nzima, alijitoa kwa bunduki katika jengo la Lincoln Court na kutoroka na jeraha la mguu. Kwa hiyo yule mzee Joey Roast Beef ana babu zake wa kweli, na Keillor aliuchokoza mji wenye kumbukumbu hizo. Mji wenyewe ulianza kwa jina la kuchekesha: makazi ya kwanza yaliitwa Jicho la Nguruwe, kwa lakabu ya muuza pombe Pierre Parrant, hadi padri Lucien Galtier alipojenga kanisa mwaka 1841 na kuliita la Mtakatifu Paulo.

Na mpelelezi wa kujitegemea wa kweli huko Minnesota? Lazima awe na leseni, na sheria inamtaka awe na uzoefu wa kazi wa saa 6,000, yaani karibu miaka mitatu ya kazi ya kutwa. Hakuna kifungu kinachodai kofia ya wapelelezi wa filamu.

Ng'ambo ya mto Mississippi, Minneapolis, kuna jambo linalostahili safari. Chuo Kikuu cha Minnesota ndicho chenye mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani wa vitu vya Sherlock Holmes: zaidi ya 60,000, vikiwemo vitabu, barua, picha na michezo. Vimehifadhiwa katika maktaba ya Elmer L. Andersen, ambayo maghala yake yamechimbwa ndani ya jabali kando ya mto. Sehemu muhimu ilitoka kwa familia ya Philip Hench, daktari wa Mayo Clinic aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi ya kortisoni na aliyekuwa mpenzi wa Holmes. Humo zimo nakala za Beeton's Christmas Annual la 1887, gazeti la Krismasi ambamo Holmes alionekana kwa mara ya kwanza. Mjini humo pia kuna duka la Once Upon a Crime, lililofunguliwa 1987, linalouza riwaya za upelelezi. Lingine, Uncle Edgar's, liliteketea kwa moto usiku mmoja na jirani yake Uncle Hugo's mwishoni mwa Mei 2020, katika ghasia zilizofuata kuuawa kwa George Floyd. Mwenyewe alilifungua upya mtaa mwingine mwaka 2022.

Nimemtaja Holmes kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye anayewaunganisha Guy Noir na Bwana Msa wetu.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Zanzibar, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko kama Holmes, ana rafiki yake Najum kama Holmes alivyokuwa na Watson, na si askari. Wasomaji wakagawanyika hapo pia. Baadhi ya wahakiki walimwona Msa ni Mwingereza aliyevishwa kanzu. Wengine wakasema fungua masikio: mazungumzo yale, utani wa watu wa Unguja, kubishana kwa heshima mpaka ukweli unateleza mdomoni, hayo hayakutoka London. Mimi niko na hawa wa pili. Abdulla hakuwa na fundi wa milio wala ukumbi wa watu 1,000, lakini ukimsoma unasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. Mwaka 1984 akatoa Kosa la Bwana Msa, jina linalokiri kwamba hata mjuzi hukosea.

Kumsikia Bwana Msa ukurasani ndiko kulikonisaidia kuamua kuhusu Guy Noir. Riwaya yake ni nzuri masikioni na dhaifu machoni. Ukiweza kuipata, isikilize ikisomwa na Keillor mwenyewe kabla hujaihukumu kwenye karatasi.

Na wewe uliye na nakala chakavu ya riwaya za Abdulla, Kisima cha Giningi au Siri ya Sifuri, kabatini kwa babu, usiiache ikaenda kufungia karanga. Ipanguse vumbi, kaa barazani jioni, uwasomee watoto ukurasa mmoja kwa sauti.