Mtu Hasukumwi Kama Gari

Napenda kuwaeleza wanafunzi, na wenzangu tuliosoma hapo zamani, kazi niifanyayo hapa Bujumbura. Mimi ni mshauri wa watu wenye taabu za moyo. Sina sindano wala vidonge. Chombo changu ni mazungumzo.

Huku Burundi husemwa ya kuwa machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilituachia watu wengi wa namna hiyo: walizika ndugu zao, wakajenga nyumba upya, wasimwombe mtu msaada. Kujitegemea huko ni sifa njema, lakini humfanya mtu aone haya kusema, "Nimeshindwa."

Nitawapa mfano mmoja, nami nimegeuza mambo machache ili mwenyewe asijulikane. Fundi mmoja wa magari wa Buyenzi aliletwa kwangu na mkewe kwa sababu ya pombe. Nami, kwa ujinga wangu, nikamhubiria: ini litaharibika, fedha zinapotea, watoto watakosa ada. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana, wakati wa vita niliwavusha watoto watatu Mto Ruzizi usiku. Siku ile nani alinishauri?" Akaondoka, asirudi kwa miezi miwili.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, William R. Miller, aliandika juu ya watu wanywao pombe, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakatoa kitabu kizima juu ya njia hiyo. Maana yake ni hii: ukimsukuma mtu abadilike, yeye hutafuta sababu za kubaki alivyo, na kila azitajapo huziamini zaidi. Basi mshauri na aulize, asikilize, sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mwenyewe.

Yule fundi alirudi peke yake, baada ya mikono kumtetemeka asubuhi hata akaangusha spana. Safari hii sikuhubiri. Nikamwuliza, "Mzee, kutoka sifuri mpaka kumi, jambo la kupunguza pombe lina uzito gani kwako?"

"Nne."

"Kwa nini si moja?"

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Kwa sababu mwanangu wa mwisho akinisikia mlangoni, hujifanya amelala."

Neno hilo nisingeliweza kumpa mimi, hata kama ningalihubiri mwaka mzima.

Nikamwuliza angependa kuanzia wapi. Akataka kuacha yote kesho yake. Hapo nilimwomba ruhusa ya kumwambia jambo moja: mtu ambaye mikono humtetemeka akikosa pombe asiache ghafula bila daktari, maana aweza kushikwa na mishtuko kama ya kifafa, hata kufa. Akakubali kwenda kwa daktari, akapunguza kwa kipimo alichopewa. Hatua nyingine alizichagua mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa kumpa mkewe fedha za Jumamosi kabla ya kupita penye kilabu. Mara mbili alianguka. Sikumkemea, nilimwuliza zile Jumamosi nyingine aliwezaje. Kwa hiyo alijua ya kuwa nguvu ni zake, nami ni mtu wa kumshikia taa tu, kama kijana wa gereji amshikiavyo fundi aliye chini ya gari.

Juzi nilimwuliza tena ile namba. Akasema, "Saba." Mtoto bado hujifanya amelala siku nyingine, lakini siku nyingine humfungulia baba yake mlango.

Enyi wanafunzi, mkiwa na rafiki au mzazi mwenye taabu ya namna hii, msikimbilie kumwonya. Mwulizeni swali moja jema, kisha ngojeni jibu, hata likichelewa.