Upasuaji wa sainasi: Uangalizi wa nyumbani ndio huamua kupona

MGONJWA aliyefanyiwa upasuaji wa sainasi aghalabu huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo au inayofuata, akiwa hana kovu usoni. Ndugu wakimwona hivyo hudhani amekwishapona. Kumbe jeraha lipo, limejificha ndani ya pua, na matunzo ya wiki chache za mwanzo huchangia sana pua kubaki wazi au kuziba tena.

Sainasi ni mashimo ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, kuzunguka pua na macho. Daktari hupitisha puani kifaa chembamba chenye kamera, huondoa nyama zilizoota na kupanua njia za makamasi. Baada ya hapo damu iliyoganda hujikusanya mahali palipopasuliwa. Isiposafishwa, hualika vijidudu na kuta za jeraha huweza kushikana.

Ndiyo maana mgonjwa huagizwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku, kuanzia siku atakayopangiwa na daktari wake. Kipimo cha kawaida ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji. Maji hayo lazima yachemshwe hadi yatokote, kisha yaachwe yapoe. Maji mabichi ya bomba au kisima hayafai, hata yakionekana safi. Mwaka 2011 watu wawili walifariki dunia katika jimbo la Louisiana, Marekani, baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yenye amiba inayoshambulia ubongo. Mkasa wa namna hiyo ni nadra mno, lakini kinga yake haizidi sufuria na jiko.

Kwa mkazi wa Tunduma, mji wa mpakani ambako malori ya kwenda Zambia hayakauki, vumbi la kiangazi ni adui wa kwanza. Atokapo nje avae barakoa, na nyumbani akae mbali na moshi wa kuni, mkaa na sigara. Mpakiaji wa mizigo asirudi kazini kabla ya wiki mbili hivi. Kuinua magunia, kuinama na hata kubeba ndoo ya maji huweza kuamsha damu. Asipenge kamasi hadi daktari amruhusu, na chafya aipige mdomo ukiwa wazi.

Maumivu yatulizwe kwa parasetamo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi hujinunulia tu dukani, huongeza hatari ya kutoka damu.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kurudi kliniki, kwa kawaida baada ya wiki moja, ili daktari aondoe magamba. Aliyepasuliwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ana safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Tunduma, na akijisikia nafuu huona nauli ni hasara. Ni busara nauli hiyo itengwe kabla ya upasuaji.

Makamasi yenye damu kidogo kwa siku chache ni ya kawaida. Lakini mifupa inayotenganisha sainasi na macho pamoja na ubongo ni myembamba mno. Damu ikitiririka bila kukoma, jicho likivimba au kuona vitu viwiliviwili, maji maangavu yakidondoka puani mgonjwa anapoinama, au homa ikiambatana na shingo kukakamaa, apelekwe hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.